Seva Iliyokufa Kila Ijumaa

Vijana wangu wa kitengo cha TEHAMA, siku mliyoniaga mlinipa kipaza sauti nami nikakirudisha haraka, kwa sababu pilau ilikuwa inapoa. Mkasema basi niandike. Haya, naandika. Vyeo nilivyopanda na vile nilivyorukwa sitavitaja. Vimo kwenye faili langu la utumishi, na anayetafuta usingizi akavisome humo. Mimi nataka kuwasimulia kazi yenyewe, maana kazi hii ilinipendeza tangu siku ya kwanza, na hata sasa nimekaa barazani kwangu bila pa kuwahi, nikiiwaza moyo unanienda mbio.

Nilifika hospitali yetu ya Kibiti nikitokea Mkongo, msichana mwenye cheti cha kupiga chapa na viatu vilivyonibana. Niliajiriwa mapokezi, lakini mapokezi hapakuwa na kiti cha ziada, wakanipeleka chumba cha redio koli kwa muda. Muda huo ukawa miaka. Humo ndani alikuwamo Mzee Ungando, mtu mfupi, mkali, asiyependa salamu ndefu. Kazi yake ilikuwa kuzungumza na zahanati za visiwani kwa redio: nani anaumwa, mashua imeondoka saa ngapi, dawa gani imekwisha. Asubuhi ya kwanza alinipa kipaza sauti cha redio nitume ujumbe zahanati ya Maparoni, kisiwani. Nikasema maneno yangu vizuri kabisa, kwa sauti ya darasani, kisha nikakiweka chini na kuvuta pumzi.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Ndiyo, mzee."

"Wamejibu?"

"Bado."

"Basi hujatuma kitu. Umepiga kelele chumbani."

Nilichukia. Baadaye nikaona kwamba elimu nyingine yote niliyopata, pamoja na kozi za Dar zenye chai na maandazi, ilikuwa ni kuongezea hapo. Mzee Ungando hakuwahi kugusa kompyuta hata moja. Alistaafu mwaka zilipofika, akasema ameziona na zinamtosha.

Kompyuta zilipokuja, mimi ndiye niliyezikimbilia. Wenzangu waliziogopa, wakazifunika vitambaa vya kufuma. Mimi nilizifungua. Niliharibu moja, nikatengeneza tatu, na mganga mfawidhi wa wakati ule akaona hesabu inakubalika. Nikajifunza kuvuta nyaya, kisha kubana vichwa vya nyaya, kisha kusimika antena. Tulipounganisha zahanati za visiwa vya delta na hospitali kwa mtandao wetu wenyewe, nguzo ya Maparoni ilikuwa boriti za msinzi, mti wa mikokoni, zilizofungwa pamoja, zilizokatwa na watu wa palepale, na walijua kuchagua mti kuliko fundi yeyote wa chuma. Hili liandikeni kwa wino: kule visiwani adui yenu ni chumvi. Inakula kiungio cha waya kimyakimya. Mimi nilikuwa nazungushia mpira wa tairi la baiskeli, nakaza kwa uzi wa nyavu, na viungio vyangu viliishi kuliko vile vilivyokuja na dhamana.

Mtandao huo ulikuwa na kazi moja kubwa, nayo ni barua pepe. Mtauliza kwa nini tusipige simu. Kwa sababu simu kule ilikuwa ya kubahatisha, na muuguzi mwenye mgonjwa mkononi hana muda wa kuzunguka uwanjani akiwa ameinua simu juu. Barua pepe yeye anaandika, anabonyeza, anarudi kwa mgonjwa. Ujumbe unakwenda wenyewe mpaka seva yetu ya Kibiti, na kompyuta ya wodi ya wazazi inalia. Gari la wagonjwa linaondoka, linapita njia panda ya Bungu, linashika barabara ya vumbi mpaka gati la Nyamisati, na linaikuta mashua. Kule mashua haiondoki upendapo, inaondoka maji yanapojaa kwenye mkono wa mto, kwa hiyo ujumbe ukichelewa, gari limechelewa, na mgonjwa anakaa gatini juani.

Seva hiyo ya barua ilikuja kufungwa na mtaalamu kijana kutoka Dar. Sitamsema vibaya, alikuwa mwerevu na vidole vyake vilikuwa vyepesi, ila alikuwa na haraka ya basi la jioni. Nami nilikuwa visiwani kwenye antena zangu. Akampata Bwana Seif Mbonde, mtunza chumba chetu cha mashine, akamfungulia akaunti kwa jina lake, akamwonyesha dirisha jeusi na amri moja ya kuandika. Akamwambia, "Ukishaiandika, dirisha hili liache wazi, hata jioni ukienda nyumbani." Kisha akabandika karatasi juu ya mashine: USIZIME. Akapanda basi lake.

Seif mnamjua kwa sifa, alistaafu kabla ya wengi wenu kufika. Mtu wa Umwe, mrefu, mpole, nadhifu kupita kiasi. Kwenye chumba cha seva ulikuwa unavua viatu mlangoni, na hiyo haikuwa amri ya hospitali, ilikuwa amri ya Seif. Alikuwa anapangusa ile mashine kila asubuhi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Kwake kila kitu alichokabidhiwa kilikuwa amana, na amana haichezewi. Aliambiwa asizime, na hakuzima kamwe.

Kwa miezi mambo yalikwenda vizuri, tukajisifu, tukapigwa picha. Kisha malalamiko yakaanza kutoka Maparoni. Muuguzi wa kule alikuwa Sista Anastazia, mwenyeji wa Kasulu, aliyeletwa delta na uhamisho na akabaki kwa ukaidi. Alilalamika kwamba kuna siku gari haliji. Tukiangalia, ujumbe wake umefika, huu hapa, unaonekana. Tukamwambia labda dereva. Dereva wetu, Shamte, akaapa kwa viapo vyote anavyovijua kwamba yeye huondoka akiambiwa. Tukamwambia Anastazia labda saa yake haiendi sawa. Neno hilo hakulisahau.

Siku moja, mwanzoni mwa wiki, mlango ukafunguliwa na Anastazia akaingia na tope la Maparoni kwenye mabuti yake. Hakuvua. Seif alitazama sakafu yake kwa huzuni. Wiki iliyotangulia mama mmoja alijifungua gatini Nyamisati, juu ya khanga mbili, wauza samaki wakiwa wamesimama bega kwa bega, wamempa mgongo kumsitiri, kwa sababu gari halikuwapo. Mama na mtoto walikuwa salama, na watu wa gatini walikwisha kumpa mtoto jina la utani, Gati. Anastazia hakuwa anacheka.

"Nimekuja na mashua, nimedandia lori la samaki, nataka mnionyeshe ujumbe wangu umeingia saa ngapi," akasema. "Si kama umeingia. Saa ngapi."

Seif akainama kwenye kioo. "Alasiri, Sista."

"Mimi nimetuma adhuhuri. Na ule wa mtoto wa degedege?"

Akatafuta. "Nao alasiri."

"Siku gani?"

"Ijumaa."

"Na huu wa gatini?"

Seif akasogeza uso karibu na kioo. "Ijumaa." Kisha akasema, kama mtu anayejisemea, "Lakini Ijumaa alasiri barua huwa zinakuja kwa fujo. Mie nilidhani watu wakishaswali ndo wanapata nafasi ya kuandika."

Nawaambia kweli, nywele zilinisimama. Miaka yote ya kazi yangu nimekuwa nikisubiri dakika za namna hiyo, pale ugonjwa unapojitaja jina wenyewe. Nikamwomba, "Seif, kaka yangu, hebu fanya kila unachofanya Ijumaa ukisikia adhana. Usiache hata kimoja."

Akafanya. Akapangusa meza. Akatoka kwenye akaunti yake, jina lake likapotea kwenye kioo. Hakuzima mashine, taa zote zilikuwa zinawaka. Akafunga dirisha la chumba, akavaa viatu, akashika ufunguo.

"Na jioni za siku nyingine?" nikamuuliza.

"Jioni naacha wazi, ndivyo nilivyoambiwa. Lakini Ijumaa tumeamriwa kuacha kazi, dada. Jina langu likibaki pale juu, mie niko kwenye khutba na huku bado niko kazini. Nikirudi naingia tena, naandika ile amri, inaendelea."

Basi. Ilikuwa pale. Yule kijana wa Dar alisema hata jioni, hakusema hata Ijumaa, kwa sababu hakuwaza kwamba kuna mtu atakayeona haya kuacha jina lake likifanya kazi wakati wa swala. Na programu aliyoianzisha kwa mkono, ndani ya akaunti ya Seif, ilikuwa kama mgeni wa Seif: mwenyeji akitoka, mgeni naye anatolewa nje. Seif alitii kila neno aliloambiwa na kila Ijumaa seva ya barua ilikufa. Ujumbe wa Anastazia ulikuwa unasubiri kwenye foleni ya kompyuta yake, unagonga mlango, hakuna wa kufungua, mpaka Seif arudi msikitini.

Tukaenda wote kwa mganga mfawidhi, Daktari Kisanga. Alisikiliza, akatafakari, akatoa suluhisho la kimenejimenti: iandaliwe zamu, Ijumaa akae Mkristo kwenye mashine.

"Na Jumapili mtanikalisha mimi, Daktari?" Anastazia akauliza. "Na siku Mkristo mwenyewe kaumwa na tumbo?" Kisha akaacha utani. Kule Maparoni kulikuwa na mama anaitwa Hadija, aliyejifungua kwa upasuaji mara iliyopita. Kovu lile halikuruhusu ajaribu kuzalia zahanati. Aliombwa aje asubiri Kibiti, akakataa, mpunga uko shambani na watoto hawana wa kuwaachia. Uchungu wake ulitarajiwa wakati wowote wiki ile. "Huyu akikaa gatini kama yule mwingine, hatupati mtu wa kumpa jina la utani. Tunazika. Niambieni sasa hivi kama nitegemee mashine yenu au nimtafutie njia nyingine."

Daktari akanigeukia. Akasema kama Ijumaa hiyo ujumbe utachelewa, seva inafungwa na tunarudi kutuma mtu na barua mkononi. Nikamjibu Anastazia, "Itegemee." Kisha nikatoka nje nikatembea haraka, maana nilikuwa na woga na furaha kwa pamoja na sikutaka wanione usoni.

Nilichotaka kufanya ni kitu ambacho ninyi leo mnakifanya huku mnakunywa chai. Nilitaka seva ya barua iwe huduma ya mfumo. Yaani isianzishwe na mtu, ianzishwe na mashine yenyewe inapoamka. Isiwe ndani ya akaunti ya yeyote, isijali nani kaingia na nani katoka. Ikianguka, mfumo uiinue. Kwa ajili hiyo unaandika faili dogo, mistari michache tu: hii ni huduma gani, iendeshwe na amri ipi, kwa jina la nani, ianze baada ya nini, na ikifa ifanyweje. Nilipoelewa mara ya kwanza kwamba mistari michache inaweza kuchukua nafasi ya mtu aliyekaa, nilisimama kwenye kiti. Muulizeni yeyote.

Nikaandika faili. Nikatengeneza akaunti isiyo ya mtu, nikaiita posta, haina nywila wala haiingii mahali, kazi yake ni kuendesha barua tu. Nikaianzisha huduma. Ikakataa. Nikasoma kumbukumbu za mfumo, na jibu lilikuwa wazi: posta hana ruhusa ya kugusa masanduku ya barua. Kwa nini? Kwa sababu tangu siku ya kwanza programu iliendeshwa kwa jina la Seif, kila sanduku na kila barua ya hospitali nzima ilikuwa mali ya Seif. Kabla hujaipa huduma kazi, ipe na vitu vya kazi. Hili nimewaona wengi wenu mkilisahau na kulaumu programu.

Amri ya kuhamisha umiliki ni fupi, ningeweza kuibonyeza mwenyewe. Lakini mtu aliyepangusa kitu kila asubuhi huwezi kumwondolea bila kumwambia. Nikamwita Seif, nikamweleza.

Akasikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo weye unanambia yule mama kazaa gatini kwa sababu mie nilikwenda kuswali."

"Sikusema hivyo."

"Ndo maana yake, dada." Macho yake yalikuwa mekundu. "Basi Ijumaa hii siendi. Nitaswali adhuhuri hapahapa chumbani. Mungu ananijua."

"Utakwenda," nikamwambia, na sauti yangu ilipanda kuliko nilivyotaka. "Mashine gani hii ya kumkosesha mtu Ijumaa? Tukikuweka wewe hapa, keshokutwa umefiwa, mwezi ujao uko likizo, na kila mara mtu wa Maparoni analipa. Kosa si lako wewe kutoka. Kosa ni kwamba kazi hii ilifungwa shingoni kwa mtu mmoja. Mimi siichukui amana yako, Seif. Nakutua mzigo."

Akapangusa macho. Kisha akavuta kiti. "Niandike wapi?"

Nikamsomea amri, akaiandika kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi. Kabla ya kubonyeza akasema bismillahi. Mafaili yakapita kwenye kioo, jina lake likibadilika kuwa posta, mstari baada ya mstari. Nikaianzisha huduma. Ikakubali. Seif akatoka kwenye akaunti yake, tukaingia kwa jina langu, na barua zilikuwa zinatembea. Tulicheka kama watoto.

Hapo ndipo wengi hukosea, sikilizeni. Kuianzisha huduma ni jambo moja, kuiandikisha iamke yenyewe ni jambo jingine. Ukiianzisha tu, leo utasifiwa, na umeme wa kwanza kukatika utatukanwa. Nikaiandikisha. Alhamisi nikamwambia Seif achomoe waya wa umeme. Akanitazama kisha akatazama ile karatasi ya USIZIME.

"Chomoa," nikasema. "Leo ni ruhusa."

Alichomoa ameangalia pembeni, kama mtu anayechinja kuku wake mwenyewe. Tukarudisha waya. Mashine haikuamka, ilibaki imelala mpaka nilipobonyeza kitufe, nikagundua ndani kabisa ya mipangilio yake imeambiwa isubiri kidole cha mtu. Nikabadilisha. Tukachomoa tena. Ikaamka yenyewe, lakini huduma ya barua ikaanza kabla mtandao haujawa hewani, haikuona mlango, ikaanguka, na haikuinuka. Nikarudi kwenye faili langu, nikaongeza isubiri mtandao kwanza, na ikianguka kwa lolote ijaribu tena baada ya kitambo. Tukachomoa mara ya tatu. Mtandao ukaja, barua ikaja nyuma yake, kwa adabu, mmoja baada ya mwingine. Nilimvuta Seif mkono tukacheza pale chumbani bila ngoma, na mfagizi aliyepita dirishani akaenda kusema mapokezi kwamba kule ndani kumeharibika.

Ijumaa ikaingia. Nilijijua. Nilijua nikibaki karibu na ile mashine nitaingia, nitagusa, nitasaidia, halafu itakuwa imefanya kazi kwa sababu yangu. Kwa hiyo adhana ilipokaribia nikafunga chumba, ufunguo nikampa Seif. "Nenda nao msikitini," nikamwambia. Akauweka mfuko wa ndani wa kanzu, akaupigapiga mara mbili, akaenda. Mimi nikakaa kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi, kando ya Shamte dereva, ambaye alikuwa anakula muhogo wa kuchoma na hana habari.

Umeme ukakatika.

Shamte aliendelea kula. Mimi niliinuka. Betri ya akiba ya chumba cha seva ilikuwa imechoka kitambo, nilikuwa nimeiombea mpya mpaka nimechoka mimi. Jenereta ilikuwa ya kuwashwa kwa mkono, na muwashaji alikuwa msikitini pia. Nikakimbia mimi mwenyewe, nikavuta kamba, ikakohoa, nikavuta tena, ikanguruma. Nikakimbia mpaka dirisha la chumba cha seva, nikashika nondo, nikatazama ndani. Mlango umefungwa, ufunguo uko kwenye kanzu, na kanzu iko safu ya mbele. Kulikuwa na giza mle, na taa moja ya kijani ikawaka. Feni ikaanza kuzunguka. Zaidi ya hapo sikuweza kuona kitu, na zaidi ya hapo sikuwa na la kufanya. Sijawahi kuwa na furaha na hofu kiasi kile ndani ya kifua kimoja.

Nikarudi benchini. "Bi Zuhura, mbona unatoka jasho hivo?" Shamte akauliza.

"Kula muhogo wako."

Hakumaliza. Kompyuta ya wodini ililia. Muuguzi wa zamu akasoma, akatoka mlangoni na kuita, "Shamte! Maparoni! Hadija ameshikwa uchungu, maji yamejaa, wanapakia sasa." Sauti ya msikitini ilikuwa bado iko kwenye khutba. Shamte akatupa muhogo, nami nikasimama katikati ya uwanja nikipiga makofi peke yangu huku gari likikata kona kwenye lango na vumbi likiniingia mdomoni. Seif aliporudi alinikuta palepale. Nilimwonyesha tu mahali gari linapoegeshwa, patupu. Akaelewa. Akakaa chini kwenye ngazi na kuficha uso wake kwenye mikono.

Gari lilifika Nyamisati kabla ya mashua. Shamte alisema Anastazia alipoliona kwa mbali alisimama mashuani, wakamwambia akae atawazamisha. Jioni Hadija alikuwa ameshatoka chumba cha upasuaji, na mtoto wa kike, mnene, mwenye hasira, amelala kando yake.

Siku ya pili Anastazia akaja kunichukua, anasema mzazi ananiita. Nikaenda. Hadija alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye mikono ya jembe, sauti yake bado dhaifu. Akaniuliza kama ni mimi niliyekuwa nimekaa kusubiri ule ujumbe wake.

"Si mimi," nikamwambia.

"Ni nani basi? Niitie nimshukuru."

"Hakuna mtu, mwanangu. Mashine ilipokea yenyewe. Chumba kilikuwa kimefungwa, wenyewe wako msikitini."

Akatazama dari. "Siye kule tulishaona kitambo," akasema taratibu. "Ijumaa gari haiji. Sista hatukumwambia, angetucheka. Mimba ikifika mwezi wake, mtu anaanza kuomba, ya Rabi, siku yoyote, siyo Ijumaa. Jana nilivoshikwa, mama mkwe akasema leo Ijumaa. Nikawaita wanangu nikawaaga."

Anastazia aligeuka akatazama ukuta.  Tulikuwa tumewapa kitu cha kuogopa juu ya vyote walivyokuwa wanaogopa, na hatukujua.

Hadija akanishika mkono. "Sasa itakuja? Hata Ijumaa?"

"Hata Ijumaa."

"Basi Sista atangulie leoleo akawaambie. Bado kuna watatu kule wako mwezi wao."